Mume Wangu Amenificha Katika Nyumba ya Vyumba Viwili

*Kibarazani kwa Bi Kauthar*

Bi Kauthar mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi pokea salamu zangu tu. Naomba unisaidie, maana jambo hili limeninyima hamu ya kula, na mimi si mtu wa kukosa hamu ya kula. Jina langu usilifiche. Siri yenyewe imeshamwagika Rugera nzima, sasa nikijiita "msomaji wa Karagwe" nitakuwa nachekesha watu bure.

Mimi ni Anatolia, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mke wa Adelard ambaye naye amestaafu kutoka ofisi za wilaya kule Rubwera, na tumelea watoto wetu Rugera katika nyumba ambayo mume wangu aliijenga chumba kwa chumba, mtoto akizaliwa anaongeza chumba, akipandishwa cheo anaongeza korido, mpaka ikawa nyumba ambayo ukiwa jikoni na unamtaka mtu aliye sebuleni inabidi umtume mwingine akamwite, na ilipendeza, sikatai, watoto walipokuwa wanakimbizana humo ilikuwa raha tupu, lakini wote wameondoka, Dastan yuko Mwanza, Benadeta yuko Dodoma, na wadogo zao kila mmoja kwake, tukabaki wazee wawili na vyumba vya kufagia. Nilikuwa nikianza kufagia upande wa shamba, nikifika upande wa barabara, kule nilikoanzia kumeshachafuka.

Masika ya mwaka juzi nikateleza kwenye ngazi za nyuma nikiwa na ndoo ya maji, goti likageuka, nikakaa palepale kwenye matope nikimwita mume wangu, naye alikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo anasikiliza redio na hakunisikia, si kwa ubaya, ni kwa ukubwa wa nyumba. Alinikuta jirani aliyekuja kuomba moto.

Baada ya hapo tukakubaliana kujenga kanyumba kadogo Bugene, kwenye kiwanja nilichokinunua zamani nikifundisha, karibu na hospitali, karibu na soko la Kayanga, karibu na kanisa. Tulikubaliana, Bi Kauthar. Narudia ili usije ukasema nilimburuta. Ramani alichora yeye, fundi alimsimamia yeye, akagombana naye yeye. Tukahamia baada ya Pasaka.

Na nyumba ile naipenda mpaka naona haya. Vyumba viwili vya kulala, sebule ndogo, jiko liko ndani, choo kiko ndani, maji yako bombani. Nikiamka tu niko jikoni, nikigeuka niko sebuleni. Cherehani yangu nimeiweka pale sebuleni dirishani penye mwanga mzuri, kabati langu la vyombo limekaa ukuta wa pili, chumba cha pili nimeweka vitambaa vyangu na mashuka, mbele ya mlango nimepanda maua ambayo kule Rugera mbuzi hawakuwahi kuniachia hata moja. Nafagia nikiwa naimba, na wimbo hauishi nyumba imeshaisha.

Mwanzoni mume wangu alikuwa akienda asubuhi kuangalia kibanja chake, migomba na kahawa, jioni anarudi. Shida ilianza siku kaka yake, Mzee Mutalemwa, alipokuja kutuona. Hakuingia. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema, "Adelard, hii ni nyumba au ni stoo? Wamekufukuza kwa baba yetu?" Mume wangu akacheka. Nikamwona alivyocheka, nikajua neno limemwingia.

Wiki ile ile akasema atalala Rugera kidogo kwa sababu ya wezi wa kahawa. Kahawa ikavunwa ikaisha, wezi wakawa bado wapo. Kisha ikaja Jumapili moja akanipigia simu: "Mama Dastan, nimepata wageni, nitumie chakula." Nikapika, nikafunga kwenye hotpoti, nikamkabidhi Muzamil, baba mmoja jirani yetu wa bodaboda. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Ikawa ndiyo desturi, mimi napika Bugene, mume wangu anakaribisha Rugera, katikati yupo Muzamil na ndizi zangu mgongoni. Siku moja rafiki yake Cleophace alitoka Rubwera kumtembelea, mvua ikamzuia kuondoka, na vitanda vya wageni tulikuwa tumeshawagawia watoto. Simu ikaita: "Nitumie na godoro." Muzamil akalifunga nyuma ya pikipiki, akaondoka na mvua ile akiwa kama konokono.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie.

Alhamisi iliyopita nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikasikia hodi. Nikatoka na kisu mkononi. Walikuwa wanawake watatu wa jumuiya yetu ya kanisa ya Rugera, mbele yao Evangelina, mwenyekiti wao, amevaa kitenge cha sikukuu na uso wa vita. Walipoona kisu wakarudi nyuma. Waliponiona mimi wakarudi nyuma zaidi.

"Mwalimu?" Evangelina akasema. "Umerudi lini kutoka Mwanza?"

"Mwanza nilienda lini?"

Wakaangaliana. Ndipo nikaambiwa kwamba mume wangu aliwatangazia jumuiya nzima kuwa nimekwenda Mwanza kumlelea Dastan mtoto mchanga. Wameniombea safari njema, Bi Kauthar. Wamemwombea na mtoto. Mtoto wa mwisho wa Dastan ameshaanza kung'oka meno ya utoto!

"Sasa mmejuaje niko hapa?"

"Hatukujua kama ni wewe," akasema, sauti ikashuka. "Tuliona kila Jumapili Mzee analetewa chakula, tena kizuri, kina samli. Tukasema, mwanamume peke yake hapiki hivi. Leo tumekodi bodaboda ya Muzamil na kumwambia, tupeleke kule kinakotoka hicho chakula. Mae waitu, jamani mwalimu, tulidhani Mzee amepata nyumba ndogo."

"Na mlikuja kufanya nini?"

"Kumwambia huyo mwanamke kwamba Mzee ana mke wa ndoa."

"Haya, mwambieni," nikasema. "Ndiye mimi."

Mmoja wao alicheka mpaka akakaa chini kwenye maua yangu. Nami nilicheka, nikawapikia chai, wakaikagua nyumba, wakakisifia choo. Walipoondoka nikafunga mlango nikalia. Kisha nikampigia mume wangu. Nikamuuliza, kwa nini umesema niko Mwanza? Akasema, "Na wewe kwa nini uliwafungulia mlango?"

Sasa Dastan ananiambia, "Mama, rudi Rugera, mnatuaibisha." Benadeta ananiambia, "Mama, usithubutu." Mume wangu anasema nirudi ili heshima irudi. Na jambo moja ambalo sijamwambia mtu: kuna siku nafurahi hayupo. Najinyoosha kitandani kama malkia. Lakini saa ya taarifa ya habari ikifika, nageuka nimwambie apunguze sauti ya redio, na hakuna redio, hakuna mtu, na nyumba yangu ndogo inakuwa kubwa ghafla.

Nifanyeje? Nirudi kwenye ile nyumba kubwa nikafie humo na ufagio mkononi, au nibaki hapa niwe nyumba ndogo ya mume wangu mwenyewe?

Wako katika shida,
Anatolia, Mama Dastan
Bugene

Bi Kauthar anajibu

Mwalimu Anatolia, marahaba, maana nimekuzidi, na sitasema kwa kiasi gani.

Nimeisoma barua yako nikacheka. Nikaisoma tena nikakasirika. Mara ya tatu nikavaa miwani, na hapo ndipo nilipokukamata. Tutafika huko.

Kwanza, kurudi Rugera sahau. Mungu hakumpa mtu goti la akiba. Nyumba ambayo mke ameanguka akapiga kelele na mume yumo ndani asisikie, hiyo si nyumba ya wazee. Ilikuwa nyumba ya watoto, na watoto wameondoka. Dastan akikuambia tena kuhusu aibu, mjibu kwa upole kwamba kama heshima ya ukoo inakaa kwenye vyumba vile, basi aje likizo avifagie, aanzie upande wa shamba.

Pili, mumeo amekosa. Mke wa ndoa, mke wa ujana wake, anafichwa kama mtungi wa gongo! Tena amewafanya watu wazima wamwombee mtoto mchanga ambaye hayupo. Mimi ni Mwislamu, mambo ya jumuiya nawaachia wenyewe, lakini hata kwetu dua si kitu cha kuchezewa. Pole, mama. Kilichokuliza si nyumba. Umelia kwa sababu mtu uliyetumikiana naye maisha yote ameona ni afadhali watu wadhani uko mbali kuliko wajue uko mahali padogo. Hilo linauma na una haki ya kulia.

Sasa njoo na wewe. Chukua barua yako uisome. Cherehani yangu. Kabati langu. Vitambaa vyangu. Maua yangu. Nimetafuta kitu cha Adelard ndani ya nyumba hiyo, nimetafuta mpaka chini ya kitanda, sijakiona. Hata redio amebaki nayo Rugera! Mwanamume aliyezoea kupokea watu kwenye sebule yake, umemhamishia mahali ambapo sebule imepewa cherehani. Mgeni wake akija, akae wapi? Juu ya pindo la gauni?

Unaniambia ramani alichora yeye. Ndiyo, alichora kuta. Vitu ulipanga wewe.

Nakusema hivi kwa sababu yamenipata. Marehemu mume wangu Hanifu alipofunga duka lake pale Kayanga, alikuwa anazunguka ndani kama kuku aliyefungiwa. Nikadhani anaumwa, nikampikia supu, nikamchemshia mitishamba. Kumbe hakuwa mgonjwa. Alikosa mahali pa kukaa ambapo mpita njia angemwona na kumwamkia. Siku nilipotoa benchi nje ya mlango, akapona palepale.

Kwa hiyo nisikilize. Jumapili hii hotpoti isipande pikipiki. Muzamil abebe abiria, ndiyo kazi yake. Mumeo akipiga simu mwambie chakula kipo, kimeiva, kipo mezani Bugene, na aje na wageni wake wote. Usigombe, usilie, usitaje Mwanza. Kata simu ule.

Wakati huo huo mwite fundi, yule yule aliyegombana na mumeo, aweke kibaraza kipana mbele ya nyumba, chenye bati na viti vya kukaa watu wazima. Maua yasogee pembeni, hayatakufa. Cherehani iende chumba cha pili ikakae na vitambaa vyake. Kibaraza kiwe cha Adelard, na mgeni wake akija pale usitie neno.

Kikiisha, mkaribishe Mzee Mutalemwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Huyo ndiye mwenye mlango wa jambo hili. Mpe kiti cha kwanza, mpe kwa mikono miwili kahawa ya kutafuna, ile ya kumheshimu mgeni, mweleze kwamba hakuna aliyeacha kwa baba yao. Kibanja kipo, makaburi yapo, Adelard atakwenda kila asubuhi kama mtu anavyokwenda kazini, na jioni atarudi kwa mkewe. Ile nyumba kubwa mtafutieni ndugu mwenye watoto wengi aishi humo awashe moto, kwa maana nyumba isiyopikiwa huoza hata kama ina bati jipya.

Na neno la kusahihisha uongo aliseme yeye, mbele ya wale wale aliowadanganya. Usimsemee. Umekuwa mwalimu miaka mingi, najua mkono unawasha kusahihisha. Weka chaki chini.

Yaliyofuata

Jibu hilo nilimtumia Mwalimu kwa simu kabla halijachapwa, maana mgogoro wa wazee haungoji gazeti. Wiki kadhaa zikapita kimya. Nikasema nimevunja ndoa ya watu. Nikampigia.

"Bi Kauthar!" akapokea, nyuma yake kelele za watu. "Subiri nitoke jikoni."

Akanieleza. Jumapili ya kwanza mumewe alipiga simu, akajibiwa kama nilivyomfundisha, akakata. Akaingia jikoni mwenyewe. Zile ndizi alizopika zilikuwa mbichi katikati na zimeungua pembeni. Cleophace, yule wa godoro, alikuwepo siku hiyo. Akala kidogo, akaweka sahani chini, akauliza kwa huzuni, "Adelard, niambie ukweli. Mkeo amefia huko Mwanza?"

Hapo mzee akashindwa. Akamwambia yote, nyumba ya Bugene, kaka yake na fimbo mlangoni, jumuiya, kila kitu.

"Mimi kule Rubwera nalala sebuleni mwaka wa pili huu," Cleophace akasema. "Vyumba vingine nimevipiga kufuli, panya wanavifaidi. Wewe umepata mke wa kukutoa humo, unamficha?"

Jumapili iliyofuata Adelard akasimama katika jumuiya. Mwalimu hakuwepo, alisimuliwa na Evangelina. Alisema, "Mke wangu hakwenda Mwanza. Yuko Bugene, kwenye nyumba yetu. Ni ndogo, nami niliona aibu. Naomba mnisamehe, na yule mtoto mchanga mliyemwombea, maombi yake wapeni wengine."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Evangelina akamwambia, "Nyumba tunaijua, Mzee. Choo chake kizuri."

Kibaraza kimekwisha. Mzee Mutalemwa alikuja, akakaa kiti cha kwanza, akala, akanywa, hakusema neno kuhusu stoo. Wakati wa kuondoka alipima kibaraza kwa fimbo yake, urefu na upana, kisha akaomba namba ya fundi.

"Na leo?" nikauliza. "Hizo kelele?"

"Wageni wake. Wamejaa huko nje tangu asubuhi. Bi Kauthar, ngoja, anataka kukusalimu."

Sauti nzito ikaingia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mzee Adelard. Umehamia?"

"Nimehamia." Akashusha sauti, nadhani alikuwa anasogea mbali na watu. "Lakini nina swali langu na mimi, usilichape. Nyumba yenyewe ni ndogo, na huyu mwalimu anakoroma. Kule Rugera nilikuwa nahamia chumba kingine, sisikii. Hapa hakuna pa kukimbilia. Nifanye nini?"

"Ulipokuwa kule peke yako, ulikuwa unalala vizuri?"

Nilisikia wageni wake wakicheka mbali, nikasikia na mvuke wa sufuria ukigonga kifuniko.

"Hapana," akasema.

"Basi geukia ukutani, mzee wangu, ulale."

Mwalimu, nimelichapa. Mwambie anisamehe.